Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Mama Mkulima

Katika misiba ya Uchagani, mkoani Kilimanjaro, wasifu wa marehemu husomwa mbele ya waombolezaji wote, na mara nyingi familia humkabidhi kazi ya kuuandika kijana mmoja anayeaminika kwa kalamu, akiwa na siku moja au mbili tu za kuikamilisha. Wasifu wa mwalimu au wa karani hauna taabu kubwa, kwa kuwa ajira yake iliacha barua na vyeti. Wasifu wa mama aliyelima kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, maisha yake yote huishia katika sentensi moja: "Marehemu alikuwa mkulima na mama wa nyumbani." Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inafuta kazi ya miaka hamsini au sitini, na mwandishi anayempenda mama huyo hana budi kuikataa.

Anza kwa kuwasikiliza watu waliofanya kazi pamoja naye. Watoto humjua kama mama yao, tena huwa katika majonzi mazito. Wifi zake, majirani ambao vihamba vyao vinapakana na chake, viongozi wa jumuiya na wanachama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa (VICOBA) ndio wanaoweza kueleza alivyolima, alivyouza na alivyotoa. Omba pia kuona vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa, na visipopatikana nyumbani, muulize mchungaji au paroko kama daftari la usharika au la parokia linaweza kuangaliwa, kwa maana kwa wazee wengi ubatizo uliandikwa miaka mingi kabla serikali haijawapa cheti chochote.

Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, usiibuni. Uliza kama alizaliwa kabla au baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, na kama wakati wa Uhuru, Desemba 1961, alikuwa bado msichana au tayari ana mtoto mgongoni; kisha linganisha majibu hayo na umri wa mtoto wake wa kwanza. Kuandika "alizaliwa takriban mwaka 1942" ni heshima zaidi kuliko kumpachikia siku isiyo yake.

Kuhusu elimu, usipite kimya kwa kuona haya. Kama hakusoma shule, sema hivyo pamoja na sababu ambayo ndugu zake wanaikumbuka, halafu uliza juu ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na akina mama wengi wa vijijini walijifunza kusoma katika madarasa hayo. Mama aliyeanza kuifungua Biblia mwenyewe akiwa mtu mzima, baada ya kutwa nzima shambani, anastahili aya yake.

Sehemu inayotaka uvumilivu mkubwa ni ya kazi, na hapo ndipo nakusihi utumie nusu ya nafasi uliyopewa. Kihamba hupandwa migomba pamoja na kahawa, mara nyingi na magimbi kando yake, chini ya miti ya kivuli, na kwa kuwa ng'ombe hufungwa zizini, kila siku ni lazima mtu awapelekee majani na kurudisha samadi kwenye migomba. Uliza mtu huyo alikuwa nani, na majani aliyafuata wapi. Kama familia ilikuwa na shamba la mahindi na maharage kule tambarare, litaje mahali lilipo, utaje njia aliyopita alfajiri kushuka na mzigo aliopanda nao jioni. Anayesikiliza akiijua njia hiyo, hahitaji kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mchapakazi.

Katika kahawa, kuwa mwangalifu na nyaraka. Mama ndiye aliyechuma, akamenya, akaosha, akaanika na kuchambua. Lakini kahawa iliuzwa kupitia chama cha msingi kilicho chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro uliosajiliwa mwaka 1933, na kwa desturi mwanachama alikuwa mume. Kwa hiyo unaweza kulipekua sanduku zima la stakabadhi usilione jina lake hata mara moja. Ukiandika kwa kufuata karatasi tu, utampa baba kazi yote.

Ndizi na maziwa, kwa upande mwingine, vilikuwa mikononi mwa wanawake. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 na bei kuanguka, kaya nyingi zilizidi kutegemea mapato hayo. Taja soko aliloliendea, kama ni Kiboriloni, Himo au Mwika, na umtaje mtoto ambaye ada yake ilitoka humo. "Alitusomesha" ni neno tupu likilinganishwa na "ada ya Anna ya kidato cha kwanza ililipwa kwa mikungu ya ndizi aliyoibeba kichwani hadi sokoni."

Imani nayo iandikwe kwa matendo. Badala ya "alikuwa mcha Mungu", eleza alichofanya: kama aliimba kwaya, kama alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, kama alijiunga na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, kama jumuiya ilisali nyumbani kwake, kama alileta mazao yake ya kwanza siku ya mavuno. Katika huduma kwa jamii, uliza hasa juu ya misiba ya wengine: nani alikesha akipika, nani alichota maji, nani aliendelea kumtembelea mfiwa baada ya tanga kuondolewa. Jina la marehemu likitajwa na watu watatu wasio ndugu, liandike bila kusita.

Yapo mambo yanayohitaji busara. Orodha ya watoto iwe kamili, pamoja na waliotangulia mbele ya haki na wale aliowalea bila kuwazaa, kwani jina lililoachwa huumiza kwa miaka. Maelezo ya ugonjwa yasizidi yale ambayo familia imeridhia. Masuala ya mirathi na mipaka ya kihamba yasiingie kabisa, hata kwa kudokeza. Hayo yana baraza lake.

Muulize mwendesha ibada muda uliotengwa, kisha usome wasifu kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Kurasa mbili zilizochapwa kwa nafasi pana kwa kawaida hutosha dakika tano. Ukilazimika kupunguza, punguza sifa za jumla na vyeo vya wajukuu, uache shamba, soko na kanisa. Mpe mzee mmoja wa ukoo ahakiki majina, na umchague msomaji anayeweza kujikaza hadi mwisho. Siku ya kuondoa tanga, kusanya masahihisho yatakayotolewa, uyaingize katika nakala safi, kisha kila mtoto apewe yake pamoja na picha moja ya mama akiwa kihambani, ikiwa ipo.