Kuandaa mashindano ya mitumbwi Kigoma kwa mtindo wa Kambodia

Katika Bon Om Touk, tamasha la maji la Kambodia, kwenye mto Tonle Sap pale Phnom Penh, mitumbwi mirefu hushindana miwili miwili. Fuateni hivyo Kibirizi, ufukweni Kigoma: ni rahisi kuamua mshindi. Anzeni saa 1 asubuhi, kabla upepo haujachafua ziwa. Alama za njia ni madumu matupu ya lita 20, vifuniko vikazwe, kila moja lifungwe jiwe zito kwa kamba. Ziwa Tanganyika hushuka ghafla, kwa hiyo pimeni kina cha maji mahali pa kila dumu. Kamba ikiwa fupi, wimbi hunyanyua jiwe na alama inahama. Wenye nguvu wakae katikati, mzoefu tezini, yaani nyuma. Kinachoangusha timu nyingi ni makafi kugongana: wote wamtazame wa mbele. Jaketi okozi ni lazima, hata kwa mvuvi hodari.