Barua ya Udahili ya Ng'ambo: Namna ya Kuamua Kabla ya Kulipa Amana

Barua ya udahili kutoka chuo cha ng'ambo hujibu swali moja tu, nalo ni kwamba chuo kimeridhika na vyeti vyako. Haisemi nani atalipa kodi ya chumba mwezi wa kumi, haisemi kama mwajiri atakupokea utakaporudi, wala haisemi kama shahada hiyo itakufikisha unakotaka kwenda. Maswali hayo yote umeachiwa wewe, na kwa kawaida unapewa wiki chache za kuyajibu, katika siku ambazo kila mtu nyumbani anashangilia.

Naomba uniamini kuhusu shangwe hizo. Barua yangu ya kwanza ya uzamili, kutoka chuo kimoja cha Uingereza, ilinifikia siku ya Alhamisi. Kufikia Jumapili mama alikuwa ameshatoa shukrani kwenye jumuiya, na baba mdogo ameahidi kuuza ng'ombe wawili. Nililipa amana ya pauni 2,000 kabla sijakaa chini na kalamu. Miezi miwili baadaye, hesabu zilipokataa, niliandika kuomba nirudishiwe fedha, nikajibiwa kwamba amana hurudishwa kwa aliyenyimwa viza, si kwa aliyebadili nia. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa wazi katika ukurasa wa tatu wa barua ambayo mimi niliisoma ukurasa wa kwanza. Fedha zile zilikuwa za watu watatu, na nilizilipa kwa miaka miwili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukaa kimya. Mweleze mtu mmoja au wawili unaowaamini, kisha wengine wasubiri hadi uwe umemaliza kuhesabu, kwa sababu ukishapongezwa na ukoo mzima, kusema "hapana" kunageuka aibu, na aibu si mshauri mzuri wa jambo la mamilioni ya shilingi.

Hatua ya pili ni kuisoma barua yote, pamoja na viambatisho. Tazama kama ofa ina masharti au haina. Ofa yenye masharti bado haijakupa nafasi: huenda wanasubiri matokeo yako ya mwisho, mtihani wa Kiingereza, au nakala halisi ya matokeo kutoka chuo ulichosoma, ambayo sote tunajua inavyoweza kuchukua muda. Andika pembeni tarehe ya mwisho ya kukubali, kiasi cha amana, na mazingira ambamo amana hairudi. Ikiwa muda ni mfupi, omba uongezewe. Ofisi za udahili hupokea maombi ya namna hiyo kila siku, na barua fupi ya heshima haikunyimi nafasi. Kwa wanaosubiri majibu ya Marekani, vyuo vingi vimeridhia azimio la Baraza la Shule za Uzamili linalosema kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukishinikizwa ujibu mapema kuliko hapo, ulizia kwa upole kama chuo hicho kimo katika azimio hilo.

Sasa fedha, na hapa naomba tukae kidogo.

Chukua daftari, uchore safu tatu: kitu, nani analipa, lini. Andika kila gharama tangu kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi 6 lazima akifanye, hadi tiketi ya kurudi. Katika safu ya katikati liandike jina la mtu au la taasisi ambayo imeahidi kwa maandishi. Mahali ambapo kalamu inataka kuandika "nitafanya kazi" au "ndugu watachanga", paache wazi. Ukimaliza, hesabu nafasi zilizo wazi.

Tuchukue mfano wa kozi ya uzamili ya mwaka mmoja nje ya London, yenye ada ya pauni 22,000, ambayo chuo kimekupunguzia nusu. Unabaki na pauni 11,000. Viza ya mwanafunzi, kwa viwango vya 2025, ni pauni 524. Tozo ya huduma za afya ni pauni 776 kwa mwaka, lakini viza ya kozi ya miezi 12 hutolewa ikiwa na miezi kadhaa ya ziada baada ya kozi, kwa hiyo wengi hujikuta wakilipa pauni 1,164, na hulipwa yote kwa mkupuo kabla ya safari. Kisha kuna maisha. Serikali ya Uingereza humtaka mwombaji aonyeshe fedha za kujikimu za miezi isiyozidi 9, na tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma kwingineko. Fedha hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja.

Angalia vizuri hapo. Viza inadai fedha za miezi 9, lakini wewe utakula na kulala kwa miezi 12. Miezi mitatu ya mwisho, Julai hadi Septemba, ndiyo ya kuandika tasnifu, na ndiyo ambayo watu huishiwa. Ukizidisha pauni 1,171 mara 12 unapata 14,052. Jumlisha na ada iliyobaki, viza na tozo ya afya, unafika pauni 26,740, kabla ya tiketi na koti la baridi. Kwa pauni moja iliyo juu ya shilingi 3,000 za Tanzania, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 80, kwa mtu ambaye kila mtaa unasema kwamba "amepata skolashipu".

Ndiyo maana nasema, baada ya kuwaona wengi, kwamba ufadhili nusu ni hatari kuliko kukosa kabisa. Aliyekosa yuko nyumbani, anafanya kazi, na mwaka ujao ataomba tena. Aliyepata nusu huondoka na fedha za kukopa, na ikifika Februari anachagua kati ya kitabu na kodi ya chumba. Wapo pia wanaoazima fedha za ndugu, wanaziweka kwenye akaunti siku 28 ili taarifa ya benki ipendeze, kisha wanazirudisha. Mbali na kwamba huko ni kuidanganya serikali ya nchi unayokwenda kuishi, unafika uwanja wa ndege ukiwa huna kile ulichosema unacho.

Na kazi? Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi hawajui kwamba kwa mwanafunzi wa uzamili ule msimu wa kiangazi wa kuandika tasnifu nao huhesabiwa kuwa ni wakati wa masomo, hivyo kikomo hakiondoki. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Saa 20 zinakupa takribani pauni 244 kwa wiki, yaani kama pauni 1,058 kwa mwezi. Hata ukipata kazi siku ya kwanza na usikose zamu hata moja, hufikii kile kiwango ambacho serikali yenyewe inasema ndicho cha kuishi. Mshahara huo unaweza kusaidia chakula, ada hauwezi.

Ujerumani hesabu yake ni nyingine. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambako mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, na baadhi ya vyuo kama Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, vilivyoanza kutoza katika miaka ya karibuni. Mwombaji wa viza hutakiwa kuweka euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Nauona utaratibu huo kuwa wa haki, kwa kuwa fedha za mwezi wa kumi na mbili zinabaki kuwa za mwezi wa kumi na mbili.

Kwa Marekani, swali kubwa la mwombaji wa uzamivu ni kama ufadhili umeahidiwa kwa miaka yote au kwa mwaka wa kwanza tu, na kama posho inalipwa pia miezi ya kiangazi. Lakini kabla ya hayo, tazama pasipoti yako. Tangu Juni 2025 kwa raia wa Burundi, na tangu Januari 2026 kwa raia wa Tanzania, Marekani imeweka vizuizi vinavyogusa viza za wanafunzi, kwa hiyo usilipe chochote kisichorudishwa kabla ya kujua msimamo wa siku hiyo.

Fedha zikikubali, ndipo unauliza shahada yenyewe ni ya nini. Ninawaonea huruma sana wahadhiri wasaidizi watarajiwa katika jambo hili. Kwa anayeomba kazi hiyo, vyuo vikuu vya umma Tanzania vimekuwa vikitaka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, wakati Uingereza hutoa daraja kwa maneno na asilimia, si kwa GPA. Kabla ya kukubali, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania jinsi matokeo ya chuo hicho yatakavyolinganishwa na ya hapa, na kama chuo na programu vinatambuliwa. Kwa Kenya, anza kwa kuiuliza tume yao ya elimu ya vyuo vikuu. Daktari naye asidhani kwamba uzamili wa mwaka mmoja wa darasani katika magonjwa ya moyo utamfanya bingwa. Baraza la Madaktari Tanganyika liulizwe kwa maandishi, na jibu lihifadhiwe.

Kwa kozi ya utafiti, msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Waandikie wanafunzi wake wawili wa sasa, ambao majina yao kwa kawaida yako kwenye tovuti ya idara, uwaulize mambo mahususi: anasoma sura ya tasnifu kwa muda gani, waliomaliza chini yake wako wapi leo, kuna aliyeacha na kwa nini. Atakayekujibu kwa sentensi moja ya tahadhari amekuambia mengi. Kinyume chake, wakala wa mjini anayekuhimiza uchague chuo fulani mara nyingi hulipwa kamisheni na chuo hicho. Msikilize kwa taratibu za viza, lakini usimwachie uamuzi.

Nyumbani kuna mambo ya kumaliza. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo na aipate kwa barua kabla ya kuondoka, maana anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa mtoro kazini, na shahada haifuti utoro. Uliza kama mshahara utaendelea, na mkataba wa kurudi kazini ni wa miaka mingapi. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo na mshahara utasimama, yale makato ya asilimia 15 nayo yatasimama lakini deni litabaki, hivyo kubaliana nao mapema. Soma pia masharti ya mfadhili: Chevening, kwa mfano, humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Kwangu sharti hilo ni jema, lakini usilisaini ikiwa moyoni umeshapanga kubaki.

Mwenye mtoto mdogo ajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kozi ya kawaida ya uzamili nchini Uingereza haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto. Ruhusa imebaki hasa kwa uzamivu na kozi za utafiti. Hapa siwezi kukuamulia. Ninachoomba ni kwamba yule atakayebaki na mtoto, awe mwenza au bibi, aulizwe kabla ya amana kulipwa, na aulizwe kwa namna inayomwachia nafasi ya kukataa.

Ukiona hesabu hazikai, kuna njia zilizo karibu ambazo wengi huziruka kwa sababu hazina ndege ndefu. Itifaki ya SADC ya elimu ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatoze wanafunzi wa ukanda huu ada sawa na za wenyeji, na vyuo vingi vya Afrika Kusini hufuata hilo kwa Watanzania na Wakongo, ingawa baadhi huongeza tozo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa mahususi kwa uzamili na uzamivu wa sayansi na teknolojia. Zanzibar, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi mwaka 2023, ambapo uzamili wa sayansi ya data na akili mnemba unasomwa bila viza ya Ulaya. Na kuna kusubiri mwaka mmoja: vyuo vingi hukubali kuahirisha nafasi, lakini ufadhili mara nyingi hauahirishwi, kwa hiyo uliza yote mawili katika barua moja. Mimi nilisubiri miaka miwili, nikaenda kwa ufadhili kamili, na nilipofika mwezi wa kumi kodi ya chumba ilikuwa imeshalipwa.

Ukishaamua, jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Unapokubali, taja jina la programu, mwaka wa kuanza na kiasi cha ufadhili kama ulivyokielewa, ili kama umekosea wakusahihishe kabla ya fedha kutoka. Wajulishe pia walimu waliokuandikia barua za mapendekezo, hata kama umekataa, kwani utawahitaji tena. Kwa vyuo unavyovikataa, sentensi nne zinatosha: shukrani, uamuzi, sababu kwa ufupi, heri. Zitume mapema, kwa sababu nafasi unayoiachia huenda kwa aliye kwenye orodha ya wanaosubiri, na huenda yupo Songea au Kigoma, anafungua barua pepe yake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.