Helmeti ya mtoto ipimwe hivi

Mwanangu anacheza futiboli ya Kimarekani hapa Kent, jimbo la Washington, na kila msimu helmeti yake naikagua mwenyewe, hata kama kocha ameshaipima.

Lowesha nywele kwanza, maana uwanjani atatoka jasho, na helmeti iliyobana nyumbani italegea huko. Ukingo wa mbele ukae kama sentimita 2.5 juu ya nyusi. Mito ya mashavu iguse ngozi. Kisha shika vyuma vya usoni, uvute kushoto, kulia, juu, chini: ngozi ya paji la uso ivutike pamoja na helmeti. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Wazazi wengi huchagua kubwa ili mtoto "akue nayo", kama viatu vya shule. Kwa kichwa tafadhali usifanye hivyo. Funga vifungo vyote 4 vya mkanda wa kidevu.

Tafuta alama ya NOCSAE, shirika la Marekani linaloweka viwango vya usalama vya vifaa vya michezo. Ukiona ufa, rudisha.

Helmeti hulinda fuvu. Haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Kwa hiyo asimgonge mwenzake kwa kichwa, kamwe. Akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, au akijibu kama aliyeamshwa usingizini, atoke papo hapo. Sheria yetu ya 2009, yenye jina la Zackery Lystedt aliyeumia ubongo akiwa na miaka 13, inakataza kumrudisha bila ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya.

Mwaka jana nilimtoa wangu, akalia. Nilimwacha alie.