Kumwotesha Mwanasesere Nywele za Kitoto

Kabla ya kushika sindano ya kumpandia mwanasesere nywele, tafuta kichwa cha mtoto mchanga ukitazame vizuri. Kwa sisi wa Unguja na Pemba jambo hili si gumu, kwani akika hazishi mitaani. Mimi nilijifunza zaidi kwa dakika chache za kumpakata mpwa wangu huko Wete, asubuhi ya siku ya saba, kabla hajanyolewa, kuliko kwa miezi yote niliyokuwa nikibahatisha peke yangu. Utosini, kando kidogo ya katikati, nywele zilikuwa zinazunguka mfano wa maji yanayozama shimoni, na kuanzia hapo zikasambaa: nyingine zikielekea pajini, nyingine zikishuka masikioni, nyingine zikiteremkia kisogoni. Kwenye paji hazikukoma ghafla. Zilipungua, zikafupika, zikawa malaika, yaani vinyweleo laini, kiasi kwamba sikuweza kusema ni wapi hasa nywele zimeishia na ngozi imeanzia.

Hapo ndipo nilipotambua kosa la mwanasesere wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemjaza nywele nyingi mno, zote zikiwa zimechomekwa wima, nazo zikasimama kama ufagio wa chelewa. Dada yangu aliuliza kama nimetengeneza mtoto au brashi. Anayetaka nywele zionekane za kweli hana budi kushughulikia mwelekeo na uchache wake. Wingi wa nywele ni jambo la mwisho kufikiriwa, na mara nyingi halihitajiki kabisa.

Maelezo haya yanahusu kichwa cha vinili, yaani plastiki laini, ambacho ndicho kinachotumiwa na wengi. Cha silikoni kina taratibu zake na gundi zake, nacho nakiweka kando. Kichwa kiwe kimekwisha kupakwa rangi zote za ngozi kabla ya unywele wa kwanza kuingia, kwa sababu rangi zinazokazwa kwa joto huhitaji oveni yenye nyuzi 130 za Selsiasi hivi, na moto huo si wa kuchezea mbele ya nywele. Oveni hiyo isiwe ile inayopikiwa chakula.

Nywele zinazofaa zaidi ni moheri, yaani sufu ya mbuzi wa Angora. Mbuzi hao wamepewa jina la zamani la mji wa Ankara, Uturuki, ingawa siku hizi sehemu kubwa ya moheri duniani hutoka Afrika Kusini. Chagua ya mbuzi mchanga, maana ndiyo laini zaidi. Nywele za mtu mzima, hata zikiwa nzuri namna gani, ni nene mno kwa kichwa cha kitoto. Kuhusu rangi, jihadhari na nyeusi tititi. Watoto wetu wengi huzaliwa na nywele zinazoonekana nyeusi kivulini, lakini ukiwatoa barazani jua la asubuhi likawapiga, unaona ukahawia ndani yake. Nyeusi kama wino humfanya mwanasesere aonekane amevaa kofia.

Ikiwa moheri imekuja haijasafishwa, iloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo bila kuisugua, kwani ukiisugua hujisokota na kushikana isiachane tena. Ianike kivulini. Kisha shika kila fungu upande uliokatwa na kulichana taratibu ili vinyweleo vifupi vitoke. Usichanganye ncha na mashina: upande uliokatwa ndio unaoingia kichwani, na ncha nyembamba ya asili ndiyo inayobaki nje. Ukigeuza, utamaliza kazi yako yote usijue kwa nini nywele zinaonekana za dukani.

Sindano inayotumika si ya cherehani wala ya kushonea kofia. Ni sindano ya kugandamizia sufu, yenye vijimeno ubavuni vinavyousukuma unywele ndani na kuuacha huko sindano inapotoka. Hesabu ya namba zake huenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Namba 38 au 40 yatosha kwa sehemu kubwa ya kichwa, na namba 42 au 43 iwekwe kwa ajili ya paji na panja. Nunua akiba ya kutosha, kwa kuwa hukatika, na uzikague zinapofika. Mimi niliwahi kuletewa pakiti iliyoandikwa 42 ambayo ndani yake mlikuwa na sindano nene zilizoacha matundu unayoweza kuyahesabu ukiwa mlangoni.

Sasa chora. Kwa penseli laini, weka alama ya utosi, nyuma kidogo ya kilele na kando ya katikati, kisha chora mistari inayozunguka na kutawanyika. Kwa watu wengi mzunguko huo hufuata mwendo wa saa. Chora pia mpaka wa paji, lakini usiuchore kama ukingo. Uwe ni vidoti vilivyotawanyika. Mistari hii ndiyo ramani yako, na ukiwa umechoka usiku ndiyo itakayokuzuia kupotea.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Weka kichwa juu ya taulo lililokunjwa ndani ya bakuli, kisicheze, na usiruhusu kidole kikae mahali ambapo sindano inaweza kutokea. Kipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka vinili ilainike. Tandaza nywele chache juu ya ngozi, mashina yakiwa yamevuka alama kidogo, kisha ziguse kwa sindano iliyolala, si iliyosimama, ukifuata mwelekeo wa mstari uliochora. Sukuma mpaka uhisi kijimeno cha kwanza kimepenya. Kuna mguso mdogo, kama wa kitu kinachoruka ukingo, ambao mkono huuzoea baada ya siku mbili. Chomoa kwa njia ileile uliyoingilia, bila kupinda wala kuzungusha, kwani chuma hiki ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Unywele uliopandwa kwa mlalo hulala wenyewe. Uliopandwa wima hata ukiuchana mchana kutwa utasimama.

Anza kisogoni, chini kabisa, ukielekea juu mstari kwa mstari. Wengine huanzia utosini, nami siwalaumu, lakini naona kisogo ni mahali pa kujifunzia ambapo makosa hufichika, na paji ambalo kila mtu hulitazama kwanza linastahili mkono uliokwisha kuzoea. Huku nyuma waweza kuingiza nywele mbili au tatu katika kila tundu, na kuacha milimita moja au mbili kati ya tundu na tundu. Ikiwa mwanasesere ni mtoto wa miezi miwili au mitatu, acha sehemu ya kisogo iwe na nywele chache mno, kama ilivyo kwa watoto wanaolala chali na kusuguana na mto. Watu hawataijua sababu, ila watasema huyu anafanana na mtoto.

Ukifika kwenye panja na paji, badilisha sindano, punguza hadi unywele mmoja kwa tundu, na uyatawanye matundu bila mpangilio. Aliyewahi kushona kofia za viua atapata taabu hapa, kwa maana mkono wake umefundishwa kupanga vitundu sawasawa, na hapa usawa ndio unaoharibu. Fanya saa moja, pumzika. Kichwa kimoja chaweza kula saa 40 na zaidi, na wakati wa kaskazi jasho la vidole hushikanisha nywele, basi weka poda karibu. Unapoacha kazi kifunike kichwa kwa kipande cha kanga. Vumbi ni sababu moja, ya pili ni kwamba bibi yangu aligoma kuingia chumbani mpaka nilipokifunika, akisema, “Mjukuu wangu, kitu kinachonitazama bila roho sikitaki.”

Nywele zikiisha kupandwa zote, na si kabla, funga mashina kwa gundi kupitia tundu la shingo. Chagua gundi inayobaki laini ikikauka na isiyoyeyuka kwa maji. Gundi ya papo hapo huwa kavu kama kioo na huacha weupe. Paka kwa brashi ndefu mpaka sehemu yote iliyooteshwa ifunikwe, kisha acha siku nzima. Msimu wa masika mimi huacha siku tatu, kwa sababu hewa ya kisiwani haina haraka ya kukausha chochote.

Mwisho hupunguzwa nywele, kidogo kidogo, mkasi ukiwa umesimama sambamba na unywele, usikate mkato mmoja wa moja kwa moja. Ukitaka mawimbi badala ya singa, lowesha nywele kwa maji, zizungushe kwenye kijiti cha mshikaki na uache zikauke. Mafuta ya nazi, ambayo mkono wa mama yeyote wa hapa utayakimbilia, usiyapake: hukusanya vumbi, huchacha, na hufanya vinili inate. Mwanasesere asikae juani, na kwa kuwa moheri ni sufu nondo huipenda, weka mfuko mdogo wa karafuu kwenye pembe ya sanduku lake, mbali na ngozi, maana mafuta ya karafuu huweza kuacha doa la kahawia lisilotoka.