"Tell", "say" na "explain": jinsi ya kuzitumia bila kukosea

Kabla ya kuandika "tell", jiulize: anaambiwa nani? Kwa kawaida mwambiwa hutajwa papo hapo baada ya kitenzi, bila "to": "She told me everything." Ukiandika "She told to me", umeharibu. "Say" haidai mwambiwa, lakini akitajwa, tanguliza "to": "He said it to me."

Kariri vighairi hivi: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story". Hapo mwambiwa si lazima.

Inayosumbua zaidi ni "explain". Kwa kuwa "nieleze" tayari imembeba mwambiwa, wengi huandika "explain me". Sahihi ni "explain it to me". "Inform" hufuata njia ya "tell", ila jambo lenyewe hutanguliwa na "of" au "about": "Inform her of the change."