Posbank: suruali ndani ya soksi

Mlioko Uholanzi na mmezoea kuona tambarare tupu, shukeni stesheni ya Rheden mpande kilima cha Posbank, ndani ya hifadhi ya Veluwezoom. Si mlima, ni kama mita 90 tu, ila kupanda na kushuka kwenye mchanga siku nzima, magoti yatawasimulia. Mwishoni mwa Agosti vichaka vya heide huwa zambarau mpaka upeo wa macho.

Shida ni kupe. Chomekeni suruali ndani ya soksi, na mkirudi jikagueni nyuma ya magoti na kwapani. Akishang'ata, mng'oeni kwa kibano, mkimshika karibu kabisa na ngozi. Msimpake mafuta wala spiriti kwanza. Na ng'ombe wenye manyoya marefu mtakaowakuta huko, wapisheni, hasa wakiwa na ndama.