Ununue ndoo ngapi za dagaa alfajiri, soko la samaki Bagamoyo
Andika mahitaji ya siku 30: ndoo ulizouza pamoja na zile wateja walizotaka wakakosa. Wengi huacha hizo za mwisho, na hapo hesabu yote hupinda.

Tuseme ndoo unanunua shilingi 30,000, unauza 50,000, iliyolala unaitoa kwa 20,000. Ikipungua moja unakosa 20,000. Ikibaki unapoteza 10,000. Gawa 20,000 kwa jumla ya hasara hizo mbili, 30,000: theluthi mbili. Theluthi mbili ya siku 30 ni 20, basi panga siku kuanzia mahitaji madogo: mahitaji ya siku ya 20 ndiyo idadi ya ndoo za kununua. Wastani usiufuate, maana hasara hizo mbili hazilingani.

Kuhakikisha, andika mahitaji kwenye vikaratasi 30. Chomoa kimoja, piga faida ambayo idadi yako ya ndoo ingeleta siku hiyo, kirudishe. Rudia mara 200, kisha ujaribu idadi jirani uone ipi inaleta faida zaidi. Siku za kaskazi na za kusi usizichanganye.